Bei ya Saa Nane za Usiku

Baba aliuza karafuu kwa bei moja
iliyoandikwa kwa chaki kwenye ubao wa kituo;
mvua ikiifuta, karani aliirudia ileile.
Mimi nauza mafuta ya makonyo, hapa Wete,
katika duka lisilo mlango wala kizingiti,
ndani ya simu iliyopasuka kioo pembeni.

Mwezi wa Shaabani akaja Shaame, mtoto wa dada,
akaufunga mtambo wake humo ndani.
"Wee lala, mama mdogo.
Huu hauwaulizi watu wanataka bei gani.
Unawapa, kisha unatazama vidole."

Nikalala. Wenyewe haukulala.
Chupa ya elfu tano ikaamkia tano na mia nane,
baada ya isha ikateremka nne na nusu,
saa nane za usiku ikafika elfu tisa
kwa mtu wa Maskati aliyekosa usingizi.
Akalipa. Hata salamu hakuandika.

Ndivyo apandavyo mchumaji karafuu:
hugusa tawi kwa kidole cha mguu,
likinyamaza, hulikabidhi uzito wake wote.
Mwisho wa mwezi mauzo yalizidi kwa thuluthi.
Nikaezeka bati jikoni.

Nisijifanye malaika. Sokoni nami nilikuwa napima:
buibui jipya, nataja juu;
mtoto mgongoni, nateremka kabla sijaombwa.
Lakini nilikuwepo. Mtu aliweza kunicheka usoni,
akaondoka hatua tatu, nikamwita.

Alhamisi akaja Mkasi na mkaza mwanawe.
Wakaketi, wakaweka simu mbili juu ya mkeka:
ile mpya aliyoletewa kutoka Dubai,
na ile kuukuu ya mkaza mwana, iliyofungwa mpira.
Chupa ileile. Saa ileile.
Elfu nane kwa Mkasi,
elfu nne na mia tatu kwa mwenziwe.

Hakupandisha sauti.
"Mwanakheri, mie nimekukosea nini?"
Nikamrudishia tofauti yake; akaisukuma kwa ncha ya kidole.
"Pesa zako kaa nazo. Nambie tu,
bei hasa ni ipi?"

Mvua ikaanza. Bati jipya likanisemea kwa muda.

Nilipompigia Shaame, alicheka:
"Zote ni bei, mama mdogo, mpaka moja ishinde."

Usiku, wote walipolala, nikaazima simu ya mwanangu
nikaingia dukani kwangu kama mgeni.
"Karibu, mteja mpya." Elfu saba na mia mbili.
Nikaacha kidole hewani, sikugusa.
Kikapita kitambo. Saba kamili.
Nikangoja tena. Sita na mia tisa.
Mle ndani mlikuwa na kitu kinachonisoma
vile nilivyokuwa nikiwasoma wenye mabuibui,
ila hakina macho ya kuyainamisha.

Nikabonyeza. Nikanunua mafuta yangu mwenyewe.
Asubuhi ripoti ikasema: jaribio limefaulu.