Herufi Tisa

Pasi ikipata moto, herufi hulegea.
Danguolė anajua: sekunde kumi na mbili, si zaidi,
kisha ukucha chini ya pembe ya J,
vuta polepole, kama unavyombandua mtoto plasta.

JURGAITIS. Herufi tisa, namba kumi na nne.
Siku ile ilikuwa jezi ya ishirini na sita.
Foleni ilitoka nje ya duka ikafika kwa muuza buti,
wanaume wenye theluji mabegani,
kila mmoja amekunja usaliti kwapani.
"Wenzangu wamezichoma," alisema dereva wa trela,
"lakini mimi hii niliinunua yuro sitini.
Toa jina tu. Jezi bado ina joto."

Misimu sita alikuwa wao.
Goti la kushoto lilichanika, likashonwa,
akarudi, akachechemea, akafunga thelathini na tatu
usiku ambao mabomba ya ukumbi yaliganda
na Panevėžys nzima ikashangilia ndani ya glavu,
makofi yakisikika kama mazulia yanayokung'utwa.
Nusu fainali nne.
Nne.
Na mara zote ukuta uleule: ile timu ya mji mkuu,
yenye makombe mengi hata moja, wanasema,
limewekwa kuzuia mlango wa stoo usijifunge.

Januari akaenda kwao. Kwa ukuta.
Mbele ya waandishi alisema, "Nina miaka thelathini na mbili,"
akanyamaza, kana kwamba hiyo ni sentensi nzima.
Pengine ilikuwa.

Mcheza kwao hutunzwa. Sawa.
Basi tuulize alitunzwa nini:
soseji za bure sokoni, picha ukutani kwa kinyozi,
na mtaa mzima kumuuliza mama yake, kwenye foleni ya mkate,
kwa nini kijana alikosa ule mtupo huru wa mwisho.

Danguolė hasemi. Ana pini mdomoni.
Kiwanda cha vioo vya televisheni kilipofungwa
binti yake alipanda basi kwenda Dublin kufungasha uyoga,
na sasa ni msimamizi, ana bustani na mbwa.
Hakuna aliyechoma sweta lake.

Juni walionyesha fainali.
Jurgaitis aliingia dakika nne, pengo likiwa pointi ishirini na saba,
akatoa pasi mbili safi, akarudi benchi na taulo kichwani.
Kisha kombe likapita mkono kwa mkono,
likamfikia yeye mwisho.
Aliliinua, na lazima niseme kweli, alicheka
kwa meno yote, kama mtu aliyetua gunia la mwaka mzima.
Halafu akageuka kushoto kutafuta wa kumpokeza,
na kushoto hapakuwa na mtu.

Panevėžys, kinyozi alizima televisheni.
Akaiwasha tena.

Mchezaji mpya ana miaka kumi na tisa, anaitwa Girius,
mwili wote viwiko, mitupo yake huru ni aibu ya mchana kweupe.
Klabu haina fedha za herufi mpya.
Danguolė anafungua kopo la biskuti
na kutoa seti moja, ile ya jezi halisi iliyoachwa kabatini,
bado ina mstari wa chumvi ya jasho.
Anachambua: G, I, R, I, U, S.
Zinatosha! Anacheka peke yake.
Sekunde kumi na mbili kila moja, safari hii za kubandika.

Zinabaki tatu juu ya meza:
T, A, J.

Kwa lugha yake hazisemi kitu.
Kwa lugha yangu zinapungukiwa herufi moja tu
kuwa taji,
na herufi hiyo iko mara mbili
mgongoni mwa mtoto anayekosa kikapu
ukumbini peke yake, nusu ya taa zimezimwa,
anaufuata mpira hadi chini ya viti,
anaufuta vumbi kwa kaptura,
anarudi mstarini.