Laini Ina Mtu

Kitana kikiwa sikioni, mama anasema,
"Mwanza hapa. Nikuunganishe na nani?"
Ni saa kumi na moja alfajiri. Kitangiri nzima imelala,
isipokuwa mbwa wa Mzee Bulugu
na kijana anayesukuma pikipiki iliyogoma.

Zamani ningemjibu: Mama, hicho ni kitana.
Mama, ulishastaafu. Mama, mitambo ile ya Posta waliing'oa,
wakaiuza chuma chakavu.
Na kila neno la kweli nililompa
lilimfika kama taarifa ya msiba,
kila siku msiba uleule, kila siku mfiwa mpya.

Muuguzi wa Bugando, binti mwembamba aitwaye Ng'wasi,
alinifunza bila kuinua macho kwenye faili:
"Usimvute aje uliko. Wewe nenda aliko.
Nauli huna? Utaipata."

Basi nakwenda.
"Opereta, nipe Ukerewe."
"Nansio au Murutunguru?"
"Nansio."
Anachomeka kidole hewani, kwenye tundu analoliona yeye,
"Ongea, Nansio."
Naongea na Nansio. Nauliza bei ya machungwa.
Wana mvua huko, namwambia.
Anafurahi kwamba wana mvua.

Sisemi ni rahisi.
Juzi alificha nusu kilo ya nyama ndani ya foronya,
tukaitafuta kwa pua.
Juzi hiyohiyo akaniita mwizi mbele ya wageni,
akaing'ang'ania kanga yangu:
"Hii ni ya binti yangu. Umemfanya nini?"
Nikaenda bafuni kulia. Nikafungua bomba linifichie sauti,
kumbe maji yamekatika.
Nikalia hivyohivyo, mtaa ukasikia.

Shangazi Holo alikuja kutoka Magu, ushauri kaufunga pinde la kanga:
kuna mtu, alisema, anajua kutazama.
Nikampa chai. Nikamwambia hapa hakuna aliyerogwa,
kuna ubongo unaougua, kama goti lako linavyougua,
na goti lako hatujalitafutia mchawi.
Akanywa chai yote, hakujibu.
Jioni nikamkuta anamsuka mama nywele, mistari sita,
na mama kainamisha shingo kama mtoto wa darasa la pili.

Mlango wa choo nimeupaka rangi nyekundu.
Vijana wa bodaboda pale kona ya Pasiansi wana namba yangu;
wakimwona anashuka peke yake kuelekea ziwani, kitana mkononi,
hawamkamati. Wanampigia saluti:
"Opereta, zamu imeisha,"
na yeye huyo, anapanda nao mlima,
akilalamikia mishahara.

Mchana tunachambua dagaa juu ya jiwe la nyuma ya nyumba,
jiwe lililokuwepo kabla ya nyumba, kabla ya Posta,
ambalo baba alishindwa kulipasua akalisamehe.
Vidole vyake vinajua: dagaa huku, changarawe kule.
Hakuna anayemuuliza leo ni siku gani.

Leo alfajiri, sijui kilichonituma,
nikasema, "Opereta, niunganishe na Nkwimba Masalu, wa Kitangiri."
Akanyamaza. Akachomeka. Akasikiliza.
Kwa mbali honi ya kivuko cha Kamanga.
"Laini ina mtu," akasema, kwa ule upole wa kazini.
"Bado anaongea. Utasubiri?"

Nitasubiri.

"Una ujumbe?"
Mwambie uji wa ulezi uko tayari.
Mwambie ni Kabula.
Akaandika kwa kidole kiganjani, herufi kwa herufi,
akanitazama, akanitazama:
"Kabula yupi?"
Wa mvua, nikasema. Yule aliyezaliwa paa likivuja,
ukamkinga kwa sinia.
"Aa," akasema mama. "Huyo namfahamu."
Akakata simu, akakichomeka kitana kwenye mvi zake,
akauliza kama uji una ndimu.