Mizani ya Mzinga

Kilo thelathini na moja, gramu mia nne.
Hiyo ndiyo habari ya leo. Urve ameisoma
amesimama jikoni na soksi za sufi, chai ingali ya moto,
kabla jua la Estonia halijaamua kama litachomoza.

Mwaka jana alikuwa na wafuasi elfu kumi na moja.
Walimfuata sokoni, walimfuata msalani,
wakamfuata mpaka kaburini kwa baba yake, Endel:
siku aliyoandika, "Amelala saa kumi alfajiri,"
walimletea mioyo mia tatu na kumi na miwili,
myekundu, yote ya saizi moja,
na chini ya mioyo, tangazo la viatu vya mvua.
Akavitazama vile viatu. Akakaribia kuvinunua.
Ndipo akaogopa.

Kijijini kwao, mwenye mizinga akifa, sharti nyuki waambiwe.
Akatoka gizani, akagonga mbao kwa ufunguo, mara tatu:
"Endel hayupo. Sasa ni mimi."
Ndani wakavuma kidogo, wakanyamaza.
Hakuna aliyempa moyo.
Usiku huohuo akafunga akaunti zote,
na kidole chake, wiki nzima,
kikawa kinatelezesha hewa.

Mizani aliiunda kwenye meza ya marehemu:
ubao wa kukatia mkate, vyuma vinne
alivyoving'oa kwenye mizani ya bafuni,
saketi ndogo kuliko kibiriti, betri ya mwanasesere.
Kosa la kwanza: mzinga ulipima kilo nne chini ya sifuri,
yaani ulikuwa unaelea.
Kosa la pili: usiku mmoja ulinenepa kilo tatu.
Akakimbia nje na kurunzi.
Theluji.
Akacheka peke yake, kwa sauti, hadi Aivo wa jirani akawasha taa.

"Utaiuza?"
"Siiuzi."
"Basi nani ataiona?"
"Mimi. Na wewe, ukija kunywa chai."

Namba yenyewe hushuka. Hilo lilimchukua muda kulizoea,
yeye aliyelelewa na namba za kupanda.
Gramu hamsini leo, arobaini kesho:
ni nyuki wanakula akiba, wamejikunja donge moja
kumzunguka malkia, wanatetemeka ili apate joto.
Ikiacha kushuka, ndipo uogope.

Machi ikaacha.
Ishirini na nne, mia tisa. Ishirini na nne, mia tisa.
Siku ya tatu hakunywa chai.

Sikio kaweka mbao, baridi ikimchoma,
kagonga kwa ufunguo, tatu, kisha akakoma,
kimya kirefu, na moyo wake ukawa wahema,
ndipo ukaja mvumo mzito, wa kundi zima.

Waya tu. Panya aliutafuna,
kisha akajijengea kitanda cha sponji kando ya betri,
akamtazama Urve kama mpangaji aliyelipa kodi.
Hakumfukuza. Alikata waya mwingine, akaupitisha juu.

Fuata nyuki ule asali, walisema wahenga wetu.
Hawakutaja kwamba kuna miezi ya kufuata tu,
mikono mitupu, sikio kwenye mbao.

Akiwa bado amepiga magoti thelujini, mkono ukaingia mfukoni
kuwaambia wale elfu kumi na moja.
Ukakuta ufunguo, na kipande cha nta.

Jikoni, kalenda ya duka la mbegu. Penseli.
Ishirini na nne, mia saba na sitini.
Akapiga mstari chini yake, mara mbili,
akaenda uani kumwita Aivo.