Kuhesabu Moshi

Kutoka hapa kwetu, Nyakach ya chini,
ziwa linaonekana.
Lingekuwa mbali tungelisamehe.
Asubuhi linametameta kama sufuria ya jirani,
na mtama wetu umesimama kimo cha goti,
mkavu, ukichakarisha majani
kama mtu anayetafuta stakabadhi mfukoni.

Mimi ndiye niliyepewa daftari.
Si kwa hekima. Kwa mwandiko.
Nikapiga mstari kwa rula, nikaandika
kaya arobaini na mbili, kama nilivyoagizwa:
mjane, ndiyo; mwenye ng'ombe, hapana;
mwenye nyumba ya bati, hapana,
hata kama bati lenyewe halijasikia mvua
tangu Machi ya mwaka jana.

Rosbela Akong'o ana bati.
Nilipofika kwake kalamu ikasita.
Akasema, "Usijisumbue, mwanangu.
Bati haliliki, lakini sheria naijua."
Akanipa kiti. Maji hakunipa.
Tukatazamana, tukacheka kidogo.

Lori lilikuja Alhamisi, likatimua vumbi hadi shuleni.
Mahindi, maharagwe, mafuta ya kopo.
Vidole vikachovywa wino wa zambarau,
arobaini na viwili, nilivihesabu,
na wale wengine wakasimama nje ya safu ya mikonge
wakijifanya wapita njia,
wakijifanya wana safari.

Usiku ule sikulala.
Mbwa walibweka kijiji kizima,
wala si kwa hasira; walibweka
kama wanaowajua wanaopita.
Nikasikia hatua, komeo, mnong'ono,
kisha ule mlio ambao kila mtoto wa huku anaujua:
mahindi yakimiminwa kwenye gorogoro,
yakianza kwa kelele,
yakimalizia kimya.

Alfajiri nikapanda mteremko nyuma ya nyumba
nikahesabu moshi.
Mmoja kwa akina Obuya. Mmoja kwa Siprosa.
Mmoja, mwembamba, wenye haya, kwa Rosbela.
Nilipofika themanini na tisa
jua likanipiga machoni, nikaacha.

Leo amekuja afisa na fomu.
Kijana mpole, viatu vimejaa vumbi letu.
Anauliza: kaya ngapi zilinufaika?
Nyuma yake, chini korongoni, watu wanachimba silanga,
hatua tatu kila mmoja,
kabla mawingu hayajabadili nia.
Rosbela yumo, leso kiunoni,
anamtukana jiwe lisilotaka kung'oka.
Udongo umewafunika wote hadi viwikoni,
na wino, kama upo, huuoni.

Nikamwambia: arobaini na mbili.
Akaandika, akanishukuru, akafunga kalamu.
Kisha nikamwomba arudi siku nyingine,
mapema, kabla ya jua,
bila fomu,
nimwonyeshe mahali pa kusimama.