Maandishi ya Chini

Ghorofa ya pili, Ruwi, juu ya duka la fundi cherehani.
Kiyoyozi kinatema maji kwenye ndoo ya rangi,
nami nalipwa kwa dakika:
dakika arubaini na nane za watu
wanaozungumza wametupa kisogo.

Sheria ya kazi ni fupi. Mistari miwili,
herufi thelathini na saba kila mstari,
sekunde sita, kisha futa.
Kiswahili changu ni cha jikoni kwa bibi,
Kiarabu changu cha shule.

Mwanamke wa kwanza wamemwita Mbodze, si jina lake.
Tunaona mikono tu, inamenya thomu;
kidole cha shahada hakikunjiki.
Sauti yake mashine imeishusha
ikawa nzito kama ya mwanamume,
ili tajiri wake asiitambue.
Mamake naye hataitambua.

Anasema: "Nililala chumba cha pasi.
Nguo zilipopoa, ndipo nami nilipopoa."
Nikaandika: *Nililala chumba cha pasi.*
Iliyobaki haikuenea.

Anasema: "Waliniambia, wewe ni mtu wa nyumbani.
Nikauliza, nyumbani kwa nani?
Wakacheka. Nami nikacheka,
maana sahani zilikuwa bado hazijatolewa."
Hii niliihangaikia saa nzima.
Kwa Kiarabu mzaha wake ulinifia mkononi.

Halafu ananyamaza. Sekunde kumi na moja.
Muzna, mwenye filamu, anasogeza kiti:
"Hapa amesema nini?"
"Hapa amenyamaza."
"Andika kitu. Watazamaji watadhani tumekosea."
Tuligombana kwa adabu, chai ikaganda utando,
mpaka cherehani ya chini ikasimama kutusikiliza.
Sikuandika.

Dakika ya thelathini na moja:
"Pasi ya moto niliishika kutwa.
Pasi ya safari sikuishika miaka mitatu.
Ilikuwa kwenye droo ya bibi mwenye nyumba,
chini ya vitambaa vya meza, vile vya Idi."

Pasi na pasi. Nilitaka kucheka,
kwa Kiarabu ni maneno mawili yasiyojuana.
Nikasimamisha picha.
Vitambaa vya meza. Vya Idi.
Naijua droo hiyo. Najua inavyokwama,
unavyoinyanyua kidogo kabla ya kuivuta.

Ijumaa, Al-Khoudh, nyumbani kwa mama.
Wali umeliwa, mama amelala na redio,
kaka zangu wamekwenda kutazama gari la mtu.
Sikudhani yuko uani anasugua sufuria.
Mwaka wa nne sasa. Ametoka Pangani,
na mama huwaambia wageni:
"Huyu ni kama mwanangu, hata lugha yetu moja."
Mgeni siku ya tatu mpe jembe, tulifundishwa.
Hatukufundishwa siku ya kumrudishia viatu.

Niliinyanyua droo, nikaivuta.
Kitambaa cha zari, kitambaa cha maua,
risiti za dhahabu,
na chini kabisa kijitabu, baridi,
kama kimelala kaburini na hakijafa.

Msinisifu. Nimekula mikononi mwake miaka minne.
Ilibidi nilipwe riyali nane kwa dakika
ndipo nifungue droo ya mama yangu.

Nikatoka uani. Alifuta mikono kwenye kanga,
kwanza viganja, kisha kila kidole,
akaipokea, akaifungua penye picha.
"Nilikuwa mnene," akasema.
Akaitazama tena. Sufuria ilikuwa inadondosha povu.
Ndani, redio ikabadilisha kipindi, mama akakohoa,
sote wawili tukaganda kama wezi.

Kisha akanirudishia,
taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.
"Nitaiweka wapi?" akauliza.

Nyumba yetu ina vyumba saba.
Nikaanza kuvihesabu.