Kamba ya Pangaboi

Miaka kumi na mmoja nilijifunza Kiingereza kwa mguu.
Mimi Appalaswami, mtu wa Vizagapatam,
nililala chali veranda ya nyuma, mahakama ya Akyab,
kamba imepenya tundu la ukuta,
kitanzi chake kidoleni, kidole gumba cha mguu:
vuta, legeza, vuta.
Huko ndani pangaboi la mkeka likampepea Jaji Threlfall
na likanirudishia, kwa tundu lile lile,
maneno.

Mvua ilikuwa na siku ya tisa.
Wakili Kyaw Zan U alishuka kwenye stima ya Minbya
wigi limelowa kama paka aliyeopolewa kisimani,
joho linachuruzika,
na shingoni hamna zile ncha mbili nyeupe za kitambaa.
Mto umezichukua.

Mteja wake, Oo Tha Phru, mkulima wa mpunga,
alisimama kizimbani tangu asubuhi.
Shtaka: kumchapa mpima ardhi
kwa mnyororo wa kupimia ardhi.

"Mheshimiwa Jaji,"
"Sikusikii, Bwana U."
(Jina la mwenzake alilikata kila siku,
akabakiza herufi ya mwisho.)
Wakili akapaza sauti.
"Nimesema sikusikii."
Nami nje, nyuma ya tofali, chini ya bati linalopigwa na mvua,
nilimsikia vizuri kabisa.
Karani akanong'ona: shingo, bwana, shingo.
Kumbe huko kwao wakili asiye na zile ncha
hana sauti,
hata akinguruma.

Wanasema sikio halilali na njaa.
La mzee yule lilijua kufunga
na lilijua kufuturu,
mwezi lilijiandamia lenyewe.

Uso wa Kyaw Zan U sikuuona.
Niliusikia ukitulia.
Akamgeukia karani, taratibu, kama mtu anayeagiza chai:
"Andika. Leo, tarehe nne Agosti,
mahakama imetangaza uziwi wake.
Andika pia, haikutaja utaisha lini."

Mtu akacheka, akakigeuza cheko kikohozi.
Kiganja kikatua mezani, paa!
"Faini rupia hamsini, kwa maneno hayo!"
"Maneno yapi, Mheshimiwa?"

Hapo mguu wangu ukasimama.
Sikukusudia. Mguu nao ulikuwa umetega sikio.
Pangaboi likaning'inia,
joto likashuka juu ya wigi zote mbili
bila kuuliza cheo,
na jasho la jaji, karani alinisimulia baadaye,
likadondokea wino wa ile hamsini
ikawa dimbwi.

"Na huyo mvuta kamba! Amelala? Mkateni ana nne!"

Mchana wakili alirudi na ncha za kuazima,
za marehemu fulani, pana kupita shingo yake.
Akasema yale yale, kwa sauti ile ile,
hata kituo hakubadili.
Safari hii alisikika.
Hamsini ilifutwa kimyakimya, mabwana hawa wanajuana.
Ana zangu nne hazikusahauliwa.
Jaji alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali
mahali pawili,
akampa Oo Tha Phru miezi sita.

Jioni walimpitisha verandani kwangu, pingu mikononi,
askari akasimama kuwasha biri iliyokataa kuwaka.
Mkulima akautazama mguu wangu,
pale kitanzi kilipochubua.
Kiingereza hakujua hata neno,
na Kirakhine chake mimi nakielewa nusu.
"Asubuhi," akaniuliza, "walikuwa wakigombania nini?
Shamba langu?"
Nikamwambia: kitambaa.
Akafikiri.
"Upana wake?"

Nikamwonyesha vidole viwili.