Anauzika?

"Je, huyu anauzika?" wauliza ukumbini,
Semkiwa kainuka, fundi toka mkongeni,
Viatu vimepasuka, kalamu i mfukoni,
Wajumbe tukamcheka, tukanong'ona pembeni.

"Kule nje hapati kura," kanidokeza Mhina,
"Hotuba yake hasira, na sera zenyewe hana,
Tuchague mwenye dira, suti, na sauti pana,
Urais si harara, moto wa kifuu, mwana."

Nikapita Ngamiani, kwa Kibibi wa chapati,
Redio i dirishani, yarusha yake sauti,
Zaungua kaangoni, hageuzi kwa wakati:
"Huyu ajua madeni, wengine wana makoti."

Mhina mwisho kakiri, kumbe naye ampenda,
Alidhani ni hatari, kule nje angevurunda.
Nami vivyo, nikasiri, nikampa wa kushinda.
Kura sita, si sifuri. Semkiwa kashaenda.

Kibibi kanitazama kesho yake, akiuza:
"Mlipima mkapima, hamkuja kuuliza."